ELIMU BILA MALIPO NA PATO LA MZAZI

Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo. Mtoto wa mkulima na wa mvuvi akapata haki sawa na wa mwenye mali. Hilo ni tendo kubwa, wala hatukusudii kulipunguza. Tunalokusudia ni kukumbusha kwamba kuondolewa kwa ada hakukuondoa gharama. Sare ipo, vipo viatu, madaftari na nauli.

Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alionyesha kwamba kadiri kaya inavyozidi umaskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pato lake inavyokwenda katika chakula. Elimu husubiri kinachobaki. Tuchukue mfano wa hesabu. Iwapo mahitaji ya kumwanzisha mtoto skuli ni shilingi 50,000, mzazi apatae 150,000 kwa mwezi hutoa theluthi ya pato lake. Apatae 1,000,000 hutoa sehemu moja katika ishirini. Wamenunua vitu vile vile, bali mmoja amevinunua kwa kupunguza chakula cha wanawe.

Tena wengi visiwani hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Karafuu huzaa sana mwaka huu na kuadimika mwaka ujao. Mvuvi hungoja bahari itulie. Mama alimae mwani hungoja mnunuzi. Skuli haimngoji yeyote katika hao.

Mwenye uwezo, akishanunua sare, ziada yake huilipia masomo ya jioni. Hapo ndipo watoto waliokaa dawati moja asubuhi wanapotengana, na mtihani huwakuta hawako sawa.

Kwa hiyo si haki kumwambia mzazi maskini kwamba haithamini elimu. Mzazi huyo huyo humpeleka mwanawe chuoni kusoma Kurani kwa chochote alichonacho. Kweli, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tunawataka wahusika, tangu masheha hadi maafisa wa elimu, wazingatie mambo mawili. Kwanza, mchango wowote uombwao kwa wazazi ufuate msimu wa mapato yao, wala mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa sare. Pili, masomo ya jioni yatolewe ndani ya skuli za Serikali, kwa watoto wote. Usawa uliotangazwa mwaka 1964 haukukusudiwa kumalizika saa za asubuhi.