Ndege ya rimoti hainunuliwi kwa sura

Kila dirisha la usajili likifunguliwa huwa tunawacheka viongozi wa klabu. Wameletewa klipu ya dakika 3, straika anafunga mabao matano, wanasaini. Msimu ukianza, straika anapitwa na kila beki. Klipu haikudanganya, mabao alifunga kweli. Ila haikuonyesha dakika nyingine 87.

Usajili huohuo wa klipu naukuta kwenye mchezo ambao kwetu bado ni wa watu wachache, wa kurusha ndege ndogo za rimoti. Mtu anatazama video usiku, anaiona P-51 Mustang, ile ndege ya kivita ya Wamarekani ya Vita Kuu ya Pili. Inang'aa kama sufuria mpya, inapita chini chini kwa kasi huku inalia. Roho inaridhika. Anaagiza kwa jamaa aliyeko Dubai, mzigo unafika, familia nzima inabebwa kwenda uwanjani na simu ziko tayari kurekodi.

Ndege inapaa. Sekunde kumi baadaye watu wanaokota vipande.

Hasara ya pesa ni kubwa, lakini mimi kinachoniuma ni kingine. Yule mtu harudi tena. Anaondoka akiamini kwamba mchezo huu ni wa Wazungu, au wa watu wenye vidole vya ajabu, wakati tatizo lilikuwa ndege aliyoichagua. Mchezo wenye watu wachache hivi unapoteza mtu mmoja kila Mustang moja inapotoka kwenye boksi.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani. Kuna urushaji wa mashindano. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, lina daraja linaloitwa F3A, ambako mrushaji anapiga michoro iliyopangwa angani mbele ya majaji na kila mchoro una alama zake. Hiyo ni kazi, tena ngumu. Mimi nazungumzia kurusha kwa raha: asubuhi ya Jumamosi, betri mbili au tatu, ndege inazunguka, inapinduka mara moja kwa madaha, inatua, watu wanakunywa chai. Hakuna jaji. Ukirudi nyumbani ndege ikiwa nzima, umeshinda.

Kwa raha ya namna hiyo, cha kutazama kwanza ni bawa. Rangi tutaiongea baadaye.

Watu wengi wanadhani ndege inabebwa na mota. Mota inaisukuma tu, kinachoibeba ni bawa. Na kila bawa lina mwendo wake wa chini kabisa, ukishuka hapo linaacha kubeba na ndege inadondoka. Kadiri uzito unaobebwa na kila kipande cha bawa unavyokuwa mkubwa, ndivyo mwendo huo unavyokuwa mkubwa.

Chukua kalamu. Ndege ya mazoezi yenye bawa la urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 22 ina eneo la desimita za mraba 33. Ikiwa na uzito wa gramu 1,400, kila desimita ya mraba inabeba gramu 42. Sasa njoo kwenye ndege ya kivita yenye bawa la sentimita 120 kwa upana wa wastani wa sentimita 18, uzito gramu 1,500. Hapo kila desimita ya mraba inabeba gramu 69. Ukipiga hesabu ya mwendo, mbawa zikiwa za umbo linalofanana, hii ya pili inadai kasi zaidi kwa karibu asilimia 28 ili isidondoke.

Asilimia 28 kwenye karatasi unaweza kuipuuza. Uwanjani ni kitu kingine. Ndege inapokuja kuelekea ulipo, kushoto kwake ni kulia kwako, na ubongo wa mgeni unahitaji muda kidogo wa kugeuza hiyo habari. Ndege ya taratibu inakupa huo muda. Ya haraka haikusubiri.

Halafu bawa la Mustang limepungua upana kuelekea kwenye ncha. Mrushaji akiogopa kasi anapotaka kutua, anapunguza moto. Hapo hapo ncha moja inaacha kubeba kabla ya mwenzake, ndege inalala ubavu na kuingia ardhini kwa kichwa. Tena haikupi onyo. Mzoefu anajua, kwa hiyo anaingia kutua na kasi yake mkononi mpaka magurudumu yaguse. Mgeni anafanya kinyume, kwa sababu ndivyo hofu inavyomwambia.

Wenzetu wa nyanda za juu wana mzigo wa ziada. Mbeya au Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Ndege ileile, uzito uleule, inahitaji kwenda kasi zaidi kwa karibu asilimia 9 ili ibaki juu, na propela nayo inakamata hewa kidogo. Kwa hiyo ukisoma mtandaoni kwamba ndege fulani ni "laini", jiulize anayesema hivyo anairushia wapi. Dar nayo ina yake. Upepo wa bahari ukishaamka, ndege ya gramu 300 inageuka kuwa mfuko wa rambo. Nenda kabla ya saa 3 asubuhi.

Hapo nimegusa kosa jingine ambalo ni la kawaida sana. Mtu anasema, mimi naanza taratibu, nanunua kandege kadogo ka bei rahisi, kakivunjika basi. Udogo sio urahisi, bana. Ndege ndogo inasukwa sukwa na kila upepo na inajibu rimoti kama imekanyaga moto. Ikifika mita 80 tu huoni tena kama inakuja au inakwenda. Kubwa kiasi, yenye bawa la mita 1.1 hadi 1.5, inaonekana na inatulia. Hizi ndizo saizi za kuanzia.

Na wapo wanaokimbilia Piper Cub, ile ya njano, kwa sababu bawa lake liko juu na ya kweli ilifundishia marubani wengi Marekani. Nzuri sana, naipenda. Lakini gurudumu lake la tatu liko mkiani, ardhini inapenda kuyumba na kupiga pua, na hewani ukiikunja bila kutumia usukani wa mkia inakwenda kama kaa. Iwe ya pili.

Kwa wale watakaosema kwamba ndege ya mazoezi inatia aibu, kwamba ni ya watoto, nina jina moja: Phil Kraft. Huyu Mmarekani alikuwa bingwa wa dunia wa michoro ya angani mwaka 1967, mashindano yalifanyika Corsica, Ufaransa. Alishinda na ndege yake ya mashindano, Kwik Fli. Lakini miaka hiyohiyo ya 1960 alibuni ndege nyingine ya kujifurahisha tu. Bawa limenyooka kama ubao, upana uleule kutoka shinani mpaka nchani, tumbo kama boksi la viatu. Wala hakujaribu kuficha: aliiita Ugly Stik, yaani hata jina lenyewe linakiri kwamba ni mbaya wa sura.

Ndege hiyo imenakiliwa na viwanda na mafundi wa gereji kuliko hesabu, na mpaka leo watu wanaijenga. Sababu ni bawa lile. Bawa lenye upana mmoja huanza kuacha kubeba karibu na kiwiliwili, sio kwenye ncha, kwa hiyo ndege inakuonya kwa kutikisika kabla haijakutupa. Bingwa wa dunia alipotaka raha yake ya Jumamosi, alichagua boksi. Sisi ambao hatujawahi kutua salama mara tatu mfululizo tunataka Mustang!

Sasa ununue nini? Nitataja majina, kila mtu na mfuko wake. Apprentice ya bawa la mita 1.5 ndiyo ningempa ndugu yangu: bawa juu, magurudumu matatu yenye moja mbele, inatembea ardhini kama bajaji. AeroScout ya mita 1.1 ina propela nyuma ya bawa, kwa hiyo ukipiga pua, na utapiga, propela na mota vina nafasi ya kupona. Kama uwanja wako ni wa majani marefu na mashimo, na tayari unajua kurusha, Timber ya mita 1.5 ina matairi makubwa na flapu za kuipunguza mwendo, inatua mahali ambapo hizo nyingine zingejivunjia miguu.

Zote hizo ni za povu gumu, la jamii ya lile linaloshikilia TV mpya ndani ya boksi. Usilidharau. Bawa la mbao ya balsa likivunjika ni kazi ya wiki nzima mezani, la povu ni gundi na nusu saa, mnaendelea.

Bei ya ndege ya kuanzia ikiwa na rimoti yake inafika mamia ya dola, kabla ya usafiri na ushuru. Ni pesa nyingi, ndiyo maana napiga kelele.

Nyingi siku hizi zina kifaa ndani kinachoinyoosha ndege yenyewe ukiachia vijiti vya rimoti. Wazee wa mchezo wanakiponda, wanasema kinaharibu vijana. Mimi nasema kiwashe siku za mwanzo, na uanze kukizima ukiwa juu, mita 50 au zaidi, dakika moja moja. Mwalimu tuliye naye viwanjani ni mmoja kwa watu kumi, na mara nyingine hayupo kabisa. Acha kompyuta ishike nafasi yake.

Kuhusu betri, yule jamaa wa Dubai aambiwe mapema. Betri za lithiamu za akiba haziwekwi kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, zinaingia na abiria. Betri ya voltu 11.1 na mAh 2,200 ina nguvu ya saa-wati 24 na kidogo, mbali na kikomo cha saa-wati 100 ambacho kwa kawaida hakihitaji ruhusa maalumu, ila kila shirika la ndege lina masharti yake ya ziada, asome. Ikishafika, usiiache kwenye gari juani na usilale ukiwa unaichaji. Ikishika moto haizimwi kwa kikombe cha maji.

Jambo jingine ambalo klipu haionyeshi ni spea. Propela ikivunjika Jumamosi, utapata nyingine lini? Nunua propela tatu za ziada pamoja na ndege. Tatu, narudia, maana huwa hazivunjiki moja moja. Na kama una mikono ya ufundi, kuna kundi la Wamarekani, Flite Test, wanaotoa bure ramani za ndege za kukata kwenye bodi za povu, zile zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuchorea. Unanunua mota, betri na rimoti mara moja, kiwiliwili unakata mwenyewe mezani. Ndege yao ya mazoezi ikianguka, hasara ni bodi moja au mbili na gundi. Ukiniuliza, kwa hali ya mifuko yetu hii ndiyo njia itakayoleta watu wengi, kuliko maboksi ya kutoka nje.

Kabla ya yote hayo, kibali. Anga lina mwenyewe. Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA, na vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani vina kanuni zake kwao. Uliza kabla hujalipa, sio mzigo ukishakwama forodhani. Na mahali pa kurushia pasiwe kiwanja cha mtaani siku watoto wanacheza mpira. Kilo moja na nusu ikija kwa kasi ya pikipiki, na propela inazunguka mbele, sio toy. Watoto watakuja kutazama, hilo huwezi kulizuia, kwa hiyo wapange nyuma yako na ndege ibaki mbele yako muda wote.

Na wewe ambaye Mustang yako tayari iko njiani, usikate tamaa. Ikifika, mtafute mzoefu airushe mara ya kwanza, wewe shika kamera, upate klipu yako. Kisha ipandishe juu ya kabati na uanze na boksi. Angalia tu voltu, saizi na plagi za betri zake, huenda zikaingia hukohuko kwenye ndege ya mazoezi, na hapo utakuwa umeokoa kitu.