Nyumba ya Magurudumu Haina Jirani

Mpwa wangu alinitupia suali tulipokuwa tumesimama Mackinnon Road, nje ya msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, ambapo wasafiri wa njia ya Mombasa na Nairobi wamezoea kushuka wakaswali. Alikuwa ndiyo kwanza atoke kutawadha, maji yangali yakimchuruzika viwikoni. Akalionyesha gari letu kwa kidevu, akacheka.

"Mjomba," akasema, "mtu aliyesafiri na kitanda chake, jiko lake na kabati zake, huyo ni msafiri wa kupunguza Sala, au yuko nyumbani kwake?"

Nikamjibu nilivyosomeshwa chuoni. Wanavyuoni walikwisha kulizungumza zamani jambo la baharia aishiye chomboni pamoja na ahali zake. Imam Ahmad alimhesabu kuwa kama mkaazi, kwa kuwa nyumba yake haimtoki. Sisi wa madhehebu ya Shafi twasema anaruhusiwa kupunguza, ila bora kwake ni kutimiza, ili atoke kwenye khitilafu. Ama sisi, nikamwambia, si mabaharia. Nyumba zetu tumezifunga kwa kufuli Mombasa, basi ni wasafiri kama wasafiri wengine. Tukaswali, tukapanda, tukaenda zetu.

Nilidhani suali lile limekwisha pale. Halikuwa limekwisha. Nimeona niliandike leo kwa sababu vijana wetu wengi, hasa wale wanaorudi likizo kutoka Maskati, Dubai na Ulaya, wameanza kuyapenda magari haya yenye vitanda na majiko ndani. Nami nina la kuwaambia, na sehemu ya hayo ni makosa yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2023, shule zimefungwa. Mpwa wangu, ambaye hufanya kazi Maskati, alikuwa amenunua gari kuukuu la abiria, akaling'oa viti na kulipeleka kwa seremala. Seremala yule alikuwa fundi wa kweli wa samani. Alitia kabati za mvule pande zote mbili, kitanda cha mvule, na meza ya kukunja ya mvule. Nyuma likawekwa tangi la maji la lita 100, na mtungi wa gesi wa kilo 13. Mwanamke yeyote wa mjini angaliliona angalisema hii ni nyumba ya kuolewa bibi harusi.

Wala sisemi kwamba gari kama lile halina faida. Tulikuwa watu sita: mpwa wangu, mkewe, watoto wao wawili, dada yangu na mimi. Hoteli kwa watu sita ni fedha nyingi. Wanawake wetu walipata sitara yao, na chakula tulikula tulichokipika kwa mikono yetu. Haya ni mambo mema, na ndiyo yaliyonifanya nikubali safari ya kwenda milima ya Taita.

Mizani ya Mariakani tuliipita tukicheka. Malori yalikuwa yamepanga foleni kupimwa, na mpwa wangu akasema, "Hawa ndio wenye mizigo." Hakuna aliyefikiri kwamba lita 100 za maji ni kilo 100, kwamba mvule ni mti mzito, na kwamba watu sita pamoja na masanduku yao si unyoya. Shehena ilikuwa juu yetu na hatukuipima.

Tulipokaribia Maungu, mpira wa nyuma wa kushoto ulipasuka kwa kishindo cha mzinga. Gari likayumba kulia, na mbele yetu lori la makontena likaja likipiga honi. Nilisikia dada yangu nyuma akitoa shahada. Mpwa wangu hakukanyaga breki kwa nguvu, na hilo ndilo lililotuokoa. Aliuachia mguu mafuta, akalishika usukani, gari likapunguza mwendo lenyewe mpaka likaingia kwenye changarawe. Sahani zote zilikuwa zimetoka kabatini, na mtungi wa gesi umelala ubavu, kwa kuwa ulifungwa kwa kamba ya katani kama mbuzi.

Fundi wa mipira aliyetusaidia alituonyesha jambo ambalo nimesafiri umri wangu wote bila kulijua. Ubavuni mwa kila mpira mna tarakimu nne za siku ulipotengenezwa: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira wetu uliandikwa 2313, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2013. Meno yake yalikuwa mazima, lakini umekaa miaka kumi, na raba huzeeka hata ikiwa imesimama kivulini. Akatuuliza, "Nyinyi mmepakia nini humu?" Tukamwambia, nyumba. Akatikisa kichwa.

Tulifika juu, upande wa Wundanyi, jua linazama. Huko ni zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na mlima wa Vuria ulio jirani unapita mita 2,200. Kwa mtu wa pwani, baridi ya Agosti kule huingia mpaka kwenye mifupa. Tukasimamisha gari kando ya shamba la mzee mmoja wa Kitaita, baada ya kumwomba ruhusa. Alikuwa Mkristo, mtu wa makamo ya juu yangu kidogo, mpole. Alituletea mahindi ya kuchoma, kisha akaniambia, "Mzee, huku usiku kuna baridi kali. Nyumba ipo, na chumba ni kitupu. Waleteni watoto walale ndani."

Nami nikamjibu kwa maneno ambayo sitayasahau: "Ahsante, baba, lakini sisi tumekuja na nyumba yetu."

Niliyasema kwa heshima, lakini moyoni mlikuwa na kiburi. Yule mzee akatutakia usiku mwema, akaenda zake.

Baada ya Isha dada yangu alianza kutetemeka. Tulikuwa na jiko la makaa nje, tulilochomea samaki. Makaa yalikuwa yamekwisha kushika, mekundu, hayana moshi hata chembe. Mimi ndiye niliyesema liingizwe ndani. Mimi, mkubwa wa msafara. Nikasema kisichokuwa na moshi hakina dhara. Tukafunga madirisha, tukavuta mlango, tukalala na joto tamu.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoamka na kichwa kikinigonga kama kinu. Mtoto mdogo alikuwa ametapika na kulia kwa sauti nyonge. Mama yake alijaribu kuinuka, miguu ikamkataa. Nilijikokota hadi mlangoni, mlango haukwenda. Gari lilikuwa limesimama kwenye mteremko, bodi imejipinda kwa uzito wa kabati zile, na mlango umekwama kwenye njia yake. Nilipiga ukuta kwa kiganja. Nilitaka kupiga kelele na sauti ikawa haitoki.

Mbwa wa yule mzee ndiye aliyetusikia kwanza. Kisha nikaona mwanga wa kurunzi. Mzee alikuja na mtaimbo, akautia kwenye ufa wa mlango na kuupindua. Aliwatoa watoto kwanza, akawalaza kwenye majani yenye umande, kisha akatutoa wakubwa. Jiko alilitupa mbali. Hakuuliza kitu. Alikuwa akilijua lile, kwa kuwa watu wa nchi za baridi wamewahi kuzika majirani kwa sababu hiyo. Alfajiri tulikuwa hospitali, tukavutishwa hewa ya oksijeni, na Alhamdulillahi hakuna aliyepotea.

Ile hewa inayotoka kwenye makaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu iliyozidi ya oksijeni mara zaidi ya 200, basi damu huzunguka mwilini bila kubeba kile kinachotuweka hai. Anayelala hana anachokisikia. Ndiyo maana makaa mekundu yasiyo na moshi ni adui mbaya kuliko kuni zenye moshi, kwa kuwa moshi walau huenda ukakukohoza ukaamka.

Siku mbili baadaye, wakati wa kushuka kurudi Mwatate, mzee alimpa mpwa wangu mwanawe, kijana aendeshaye matatu kwenye njia ile ya kona. Akakaa mbele, pembeni ya dereva. Kabla ya kona ya kwanza akasema, "Kaka, tia gia ya pili. Gari hushuka kwa gia, halishuki kwa breki." Mpwa wangu, mtu wa barabara pana za Maskati, aliona anafundishwa utoto. Akaendelea kukanyaga breki. Kona ya nne tukasikia harufu ya kuungua. Kona ya sita breki ikazama chini ya mguu kama inayokanyaga uji. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde.

Yule kijana hakupandisha sauti. Alisema, "Pili. Sasa ya kwanza. Lete ukutani, taratibu." Gari likaguna, likakwaruza ubavu wake mzima kwenye udongo wa mlima, likasimama. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima breki zipoe, naye akatukataza kuzimwagia maji. Kutoka hapo alishika usukani yeye mwenyewe, na gari lile lile, na mzigo ule ule, likateremka kama mzee na bakora yake.

Nimesimulia haya si kwa ajili ya kuwatisha watu. Wapo watakaosema, ajali haina kinga. Hilo ni neno la kweli ambalo tumelifanya mto wa kulalia. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na mtu mmoja kama amwache ngamia na kutegemea, alimwambia amfunge kisha ategemee. Mpira wa miaka kumi, mzigo usiopimwa na jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa ni ngamia ambao hatukuwafunga. Tulisoma dua ya safari, na dua ni amri; lakini dua haikutuandikia kwamba tusiutazame mpira.

Na ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani hatukuwa na sababu ya kutoyajua haya. Nyumba zinazokwenda tulizijua kabla ya magari. Jahazi ni nyumba: watu hulala humo, hupika humo, huswali humo. Lakini nahodha hakutweka tanga kabla ya kuiangalia shehena na farumi. Moto wa kupikia ulikaa juu ya sitaha, kwenye sanduku lenye mchanga, wazi kwa upepo, haukuteremshwa ngamani walikolala watu. Na nahodha, hata akiwa bingwa wa bahari kuu, alipofika kwenye mlango wa bandari asiyoijua alimchukua rubani wa pale na kumtii. Yule kijana wa matatu alikuwa rubani wetu, na mpwa wangu alikuwa nahodha asiyemsikiliza rubani.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye suali la Mackinnon Road. Waalimu wetu walitufunza msemo wa Kiarabu: jirani kabla ya nyumba, na mwenzi kabla ya njia. Tumezoea kuutumia kwa vipande viwili. Anayenunua nyumba huambiwa kipande cha kwanza, anayefunga safari huambiwa cha pili. Sasa mwenye gari la nyumba anahitaji kipi? Anahitaji vyote viwili kwa pamoja, kwa kuwa yumo nyumbani na yumo njiani kwa wakati mmoja. Na yeye ndiye aghalabu asiyekuwa na hata kimoja. Nyumba yake haina jirani, kwa kuwa kila usiku iko mahali pengine. Njia yake haina mwenzi, kwa kuwa anajiona amekamilika, ana maji yake, moto wake na kitanda chake.

Basi rai yangu ni hii. Wenye kupenda magari haya, yapendeni, lakini yapimeni uzito yakiwa yamejaa. Tazameni tarakimu za mipira. Fungeni mitungi kwa chuma. Na makaa yasiingie ndani hata kwa dakika moja. Jioni, mahali mnapolala, msitafute pahala pa upweke. Lalani mbele ya nyumba ya watu, mjitambulishe, na mwenye nyumba akiwakaribisha, ingieni. Haki ya jirani hatukuambiwa ni ya Mwislamu peke yake, nasi tulipewa uhai wetu kwa mkono wa jirani wa dini nyingine ambaye nilikuwa nimemkataa saa chache kabla.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa yule mzee, kwa basi, na kikapu cha tende na halua. Alinikaribisha tena kwenye kile chumba kitupu. Safari ile nililala ndani. Na kwa kuwa mshairi hamalizi bila ya ubeti, huu ndio wangu:

Msafiri uendaye, na nyumba yako njiani,
Shehena uipakiye, ipime kwenye mizani,
Na moto uuwashiye, usilale nao ndani,
Na mwenyeji akwitaye, mwandame hata nyumbani.