Chupa ya dawa ilikuwa na jina, ukurasa ule hauna

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze yaliyotukuta hapa Mwanza, maana najua hatuko peke yetu.

Mdogo wangu alikuwa na kituo cha kulelea watoto mchana. Watoto 17, wasaidizi wawili, na magodoro aliyoyanunua moja moja. Mwezi Machi ukurasa mmoja wa umbea mtandaoni ulirusha picha ya chupa ya dawa ya mafua iliyokuwa kwenye rafu yake, ukadai anawanywesha watoto ili walale naye apumzike. Chupa ile aliileta mama wa mtoto mmoja asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa amebandika plasta na kuandika kwa kalamu ya bluu jina la mwanawe na saa za kunywa. Kwenye picha, sehemu yenye plasta ilikatwa.

Kufikia Ijumaa walibaki watoto watatu, mmoja wao ni yule mwenye chupa. Afisa ustawi wa jamii alikuja, akakagua, akaandika kwamba hakuona kosa. Tuliituma taarifa yake kwa ukurasa ule mara tatu. Haijawekwa mpaka leo.

Tuliripoti polisi, wakatupa RB, yaani namba ya taarifa yetu. Baadaye mpelelezi akatuambia kuwa namba ambayo ukurasa huo unapokelea pesa za matangazo imesajiliwa kwa alama za vidole za bibi mmoja wa kijijini. Bibi anakumbuka kuwa alipokuwa akisajili laini yake, wakala alimwambia kidole hakijasoma, aweke tena. Basi tukaishia hapo.

Wapo wanaosema dawa ni kumlazimisha kila mtu aandike kwa jina lake. Mimi sikubali, hata baada ya haya. Muuguzi anayeona dawa za wagonjwa zikiuzwa nje ya hospitali atasema vipi akijulikana? Desemba 2016 Maxence Melo wa mtandao wa mijadala wa JamiiForums alikamatwa na kushtakiwa kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji wake. Alibeba mzigo ule kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na namheshimu.

Ila ukurasa unaouza matangazo juu ya jina la mtu si mtoa siri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Adhabu ni kali, lakini haimrudishii mdogo wangu mtoto hata mmoja. Na kifungu cha 32 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kudai taarifa za mtumiaji. Mkubwa aliyefichuliwa ataupata msaada huo upesi. Mlezi wa watoto atazungushwa.

Naomba wabunge wetu wauhamishie uwezo huo kwa hakimu, asikilize ndani ya siku chache, apime ushahidi, ndipo jina lifunguliwe au libaki limefichwa. Na ukurasa ulioambiwa kwa maandishi kuwa umekosea ulazimike kuweka kanusho pale pale ulipoweka tuhuma.

Kituo kilifungwa mwezi Juni. Wewe uliyeisambaza picha ile kwenye makundi yako ya WhatsApp, tafadhali rudi huko uwaambie haikuwa kweli.

Msomaji wako,
Ilemela, Mwanza