Daktari wa Misri na swali la Bi X

Uzazi wa mpango ukitajwa barazani hapa Pwani, hakukosi wa kusema ni njama ya wazungu ya kutupunguza. Wenye maneno hayo wangefaa kumjua Profesa Mahmoud Fathalla, daktari wa Misri aliyefundisha Chuo Kikuu cha Assiut, akaongoza mpango wa utafiti wa uzazi wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kisha akawa rais wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa akina mama.

Mwaka 1971 aliandika katika jarida la Lancet kwamba mayai ya mwanamke kupevuka kila mwezi bila mapumziko huenda kunachangia saratani ya ovari. Tafiti za baadaye zilionyesha kuwa vidonge vya kupanga uzazi hupunguza saratani hiyo. Na sisi mitaani twaambiana kinyume chake!

Lakini kazi yake inayotuhusu zaidi ni kisa cha Bi X. Kampeni ya uzazi salama duniani ilizinduliwa Nairobi mwaka 1987, na kisa hicho kilitumika sana kuieleza. Bi X alifariki akijifungua. Daktari aliandika: kutokwa na damu, kondo la nyuma limeziba njia. Fathalla hakuridhika, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Hospitali ilikuwa na damu kidogo. Usafiri ulichelewa. Alishatokwa na damu kabla, hakuna aliyemshughulikia. Tena alikuwa na miaka 39, ana watoto watano hai na hakutaka mwengine, ila hakuna aliyempa njia ya kuzuia mimba.

Kwa Fathalla, basi, kupanga uzazi kulikuwa sehemu ya kumwokoa mama. Wenye shaka ya dini wawaulize masheikh kuhusu azl, mjadala wa zamani katika fiqhi.

Mimi nalipeleka swali lake kwa serikali za kaunti, zenye jukumu la hospitali zetu tangu ugatuzi wa 2013. Mama wa Kiunga akianza kutokwa na damu usiku, Kusi imechafua bahari, boti iko wapi na mafuta ni ya nani? Akifika, damu ipo? Na mwaka uliopita alipokwenda zahanati kuomba sindano ya kupanga uzazi, aliipata au aliambiwa arudi mwezi ujao? Bajeti ya kaunti ikiletwa kwa wananchi kutoa maoni, tuanze na hayo matatu.