Mswaki Ulikuwa Mti Kabla ya Kuwa Brashi

Itazame ile brashi ya meno iliyosimama kwenye kikombe bafuni kwako. Unaiita mswaki, lakini jina hilo imeazima tu. Mswaki wenyewe ni mti mdogo wa kichaka, na makao yake mojawapo ni Turkana: kandokando ya Mto Turkwel pale Lodwar, na huko Kakuma kwenye kingo za Tarach, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu.

Matawi yake huning'inia ovyo ovyo. Majani hubaki mabichi hata kiangazi, na vitunda vyake huliwa. Vunja mzizi wake unuse: harufu kali itakupanda puani kama haradali. Si ajabu, maana mswaki, haradali na hata kabichi ni ndugu wa mbali.

Waturkana huuita esekon. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, Msomali atakuomba caday. Kijiti ni kile kile! Ndiyo maana wataalamu wakatafuta jina moja la kutumika kote: Salvadora persica.

Wanafunzi hukariri jina hili bila kuuliza huyo Salvadora ni nani. Basi alikuwa Juan Salvador, muuza dawa wa Barcelona, Hispania, aliyefariki mwaka 1681. Daktari Laurent Garcin, aliyeuona mti huu pande za Ghuba ya Uajemi, ndiye aliyeutunukia jina hilo mwaka 1749. Linnaeus wa Uswidi akalikubali katika kitabu chake cha mwaka 1753, akaongeza persica, yaani wa Uajemi. (Pichi nalo huitwa persica, ingawa asili yake ni Uchina!) Hivyo mti wa Mturkana ukaandikishwa kwa jina la Mhispania na anwani ya Uajemi. Jina hilo lina faida, sikatai; lakini esekon nalo liandikwe daftarini, kando yake.

Tena liandikwe mapema. Mathenge, mti wa kigeni ulioletwa Turkana miaka ya 1980, umezisonga kingo za mito ambako mswaki huota. Na wapo wachimbao mizizi, kwa kuwa ndiyo inayopendwa zaidi kwa kusugulia meno. Tawi likikatwa huchipua tena. Shina lililong'olewa mizizi hukauka. Ukikuta vijiti sokoni, muulize muuzaji: hiki ni tawi au mzizi?