Nani mbeba mpira mkubwa wa Marekani? Yadi zinasema hivi, magoti yanasema vingine

Tangu msimu wa 2024, Saquon Barkley wa Philadelphia Eagles alipopita yadi 2,000, mabishano ya zamani yamewaka tena kule Marekani: kati ya wabeba mpira wote waliopita kwenye shampiona ya NFL, nani anastahili kuitwa mkubwa? Huku mashariki mwa Congo, huu ni mchezo ambao wengi wanauona kwenye simu tu, kwenye video za ndugu waliopokelewa kule kama wakimbizi, wenye watoto wao sasa wanavaa kofia ngumu na kugongana kwenye viwanja vya shule. Mtoto akisema anataka kuwa mbeba mpira, mzazi aliyetoka Uvira ao Rutshuru anafurahi, mtoto amepata kitu cha kufanya. Lakini hiyo nafasi ina hesabu zake.

Mchezo wenyewe si mgumu kuelewa. Kila upande unaingiza watu 11. Ekipe yenye mpira inapewa mara nne za kujaribu kusogea yadi 10, ni kama mita 9. Ikishindwa, mpira unaenda kwa wengine. Kwotabeki, yule anayeongoza ekipe, ana njia mbili: kurusha mpira mbele, ao kumpa mkononi mwenzake aliyesimama nyuma. Huyo wa nyuma ndiye mbeba mpira. Anaupokea, anatafuta tundu katikati ya watu wa kilo 130 ao 140, na safari yake karibu kila mara inaisha namna moja: anaangushwa chini. Kwenye soka ukimwangusha mtu hivyo unapewa kadi. Hapa kuangusha njo kazi yenyewe.

Watu wakianza kubishana, wa kwanza kutajwa ni Emmitt Smith, sababu jina lake liko juu ya orodha. Kuanzia 1990 hadi 2004, zaidi akiwa na Dallas Cowboys, alikimbia jumla ya yadi 18,355. Hakuna aliyemfikia. Alichukua Super Bowl tatu. Kwa wengi, mabishano yanaishia hapo: namba ni namba.

Ila hiyo namba ina tundu kubwa. Wa tatu kwenye orodha hiyohiyo ni Frank Gore, aliyekimbia yadi 16,000 kamili, na ni wachache sana wenye wanamweka Gore kati ya watatu wakubwa. Jumla ya yadi inapima kitu kimoja vizuri sana: nani alibaki amesimama kwa miaka mingi. Smith alicheza misimu 15. Mbele yake kulikuwa na safu ya watu wa Dallas waliojulikana kwa kufungua njia kuliko wengine wote wa wakati huo, na pembeni kulikuwa na kwotabeki hodari, Troy Aikman, hata wapinzani wakashindwa kumwangalia mbeba mpira peke yake. Si kusema Smith alibebwa. Msimu wa 1993, mechi ya mwisho, alicheza bega limeumia na bado akaendelea kupewa mpira. Lakini ukitaka kujua nani alikimbia vizuri zaidi, gawanya hizo yadi kwa mechi alizocheza, kisha orodha inageuka yote. Smith anabaki na yadi 81 kwa mechi. Walter Payton 88. Barry Sanders karibu 100. Jim Brown 104.

Ni Brown huyo mwenye anarudi kila mara. Alicheza Cleveland kuanzia 1957 hadi 1965, misimu tisa, na katika misimu nane kati ya hiyo tisa alikuwa wa kwanza kwa yadi kwenye shampiona nzima. Hakukosa mechi hata moja. Wakati ule msimu ulikuwa mfupi: mechi 12 mwanzoni, kisha 14. Siku hizi ni 17. Alipomaliza alikuwa na yadi 12,312, na kila alipopewa mpira alisogea yadi 5.2 kwa wastani, wakati Smith alisogea 4.2. Yadi moja tu ya tofauti, mtu atasema. Zidisha kwa mara elfu mbili na zaidi alizopewa mpira, utaona.

Wale wanaompinga Brown wana sababu, na si ya kutupa. Miaka hiyo wachezaji wa ulinzi walikuwa wadogo wa mwili. Brown mwenye kilo zaidi ya 100 aligongana na watu wasiomzidi uzito. Tena ubaguzi ulikuwa bado kwenye shampiona: ekipe ya Washington haikuingiza mchezaji mweusi hata mmoja mpaka 1962. Mashindano yenye kufungia nje sehemu ya wachezaji hodari hayawezi kuwa makali kama ya leo. Hata vile, wabeba mpira wengine wote wa wakati wake walikutana na walinzi walewale, na hakuna aliyemkaribia.

Kisha akaondoka. Mwaka 1966 alikuwa Uingereza anatengeneza filamu, mazoezi yakakaribia, na mwenye ekipe, Art Modell, akatishia kumkata feza kwa kila siku atakayokosa. Brown akatangaza kwamba ameacha mpira. Alikuwa na miaka 30, mguu mzima, bado wa kwanza kwenye shampiona. Katika kazi ambayo mtu kwa kawaida anatupwa nje siku goti linapokatika, yeye alichagua siku yake.

Wazee wa Congo walikuwa naye karibu, labda bila kumjua. Tarehe 30 Oktoba 1974, pale Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman kwenye uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, Jim Brown alikuwa pembeni ya ulingo, kati ya watangazaji waliopeleka pambano lile ulimwenguni. Hakuwa mgeni kwa Ali. Mwezi wa sita 1967, Ali alipokataa kwenda jeshini juu ya vita ya Vietnam, ni Brown aliyewakusanya wanamichezo weusi wakubwa kule Cleveland, wakamsikiliza na kusimama upande wake. Kuna pia upande mwingine, na hauwezi kufichwa: kwa miaka mingi Brown alishitakiwa mara kadhaa juu ya kupiga wanawake, na mwaka 2002 alikaa gerezani kwa kesi iliyoanza na kuvunja gari la mke wake. Alikufa mwezi wa tano 2023. Ukubwa wa uwanjani haukumfanya mtu mwema nyumbani, na wanaomsifu wangefanya vizuri kuyasema yote mawili kwa pumzi moja.

Payton na Sanders wanastahili kutajwa pamoja, sababu njia zao zilikutana. Payton alicheza Chicago misimu 13 na kukosa mechi moja tu. Mwaka 1977 aliamka na homa ya mafua na bado akakimbia yadi 275 dhidi ya Minnesota, rekodi ya mechi moja kwa wakati ule. Hakupenda kutoka nje ya mstari ili akwepe kugongwa. Alimwendea mlinzi, akamgonga yeye. Mwili wake ulivumilia yote hayo, lakini ugonjwa wa ini ukamshinda mwaka 1999, akiwa na miaka 45.

Miezi michache kabla ya kifo hicho, Barry Sanders wa Detroit alikuwa amebakiza yadi 1,457 kufikia rekodi ya Payton, ambayo siku hizo njo ilikuwa ya kwanza. Kwa Sanders hiyo ilikuwa kazi ya msimu mmoja. Miaka miwili nyuma alikuwa amekimbia 2,053 kwa msimu. Mtu mfupi, mwenye kugeuka ghafla mpaka mlinzi anakumbatia hewa. Mwezi wa saba 1999 alituma faksi kwa gazeti la mji wake, Wichita, kusema ameacha. Basi. Ekipe ikamdai arudishe sehemu ya feza iliyomlipa. Watu wa Detroit walikasirika miaka mingi, lakini Sanders alitembea mwenyewe kutoka uwanjani, na hicho ni kitu ambacho Earl Campbell wa Houston, yule mwenye kupasua walinzi kama mlango wa mbao miaka ya 1978 na kuendelea, hawezi kusema. Campbell baadaye alionekana mbele ya watu akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Kwa hiyo, kama ni lazima kupanga: Brown, kisha Payton na Sanders kwa mpangilio ambao kila mtu atauchagua mwenyewe, kisha Smith. O. J. Simpson alipita yadi 2,000 kwa mechi 14 tu mwaka 1973, na hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo kwa mechi chache namna ile. Ila jina lake leo linakumbusha mahakama kuliko mpira.

Mabishano haya yana uzito leo sababu bei ya wabeba mpira ilianguka. Shampiona iliamua kurusha. Sheria zikamlinda zaidi kwotabeki na mwenye kupokea mpira wa mbali, na ekipe zikaona kwamba mbeba mpira kijana wa bei ndogo anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya yule wa bei kubwa. Mchezaji anapoingia kwenye shampiona, kontra yake ya kwanza ni ya miaka minne na bei imepangwa mapema. Hiyo miaka ndiyo magoti yake ni mazima. Ikiisha, ekipe ina haki ya kumshika mwaka mmoja zaidi kwa bei iliyowekwa na sheria. Mwaka 2023 bei hiyo ilikuwa dola milioni 10.1 kwa mbeba mpira, na milioni 32.4 kwa kwotabeki. Barkley, wakati huo na New York Giants, alishikwa hivyo, pamoja na wenzake wawili wa ekipe zingine. Ni makuta mengi, hakuna anayekataa. Lakini mwenye kusukuma chukudu Goma ataelewa kilichowauma: safari inalipwa, mgongo unaobaki baada ya safari haulipwi.

Mwaka uliofuata Giants wakamwachilia, akaenda Philadelphia, nyuma ya safu mojawapo iliyo nzito kuliko zote. Akakimbia yadi 2,005 katika mechi 16. Rekodi ya Eric Dickerson ya mwaka 1984 ni 2,105. Mechi moja ilibaki, tena dhidi ya Giants walewale, na alihitaji yadi 101 kuivunja. Kocha akampumzisha. Nafasi ya Eagles ilikuwa imeshajulikana, na mguu wa Barkley ulihitajika mbele. Wiki tano baadaye walichukua Super Bowl mbele ya Kansas City, 40 kwa 22, na mwezi wa tatu 2025 akasainishwa kontra mpya ya zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka, bei ambayo hakuna mbeba mpira aliyewahi kuiona. Kama angetafuta rekodi siku ile na goti likaenda, ni jina tu lingebaki kwenye kitabu.

Congo nayo ina mtu kwenye hadisi hii, na ni ajabu kwamba anatajwa mara chache hivi. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, mwaka uleule wa Ali na Foreman, akakulia Canada baada ya familia kuhama. Alikuwa mbeba mpira wa chuo kikuu cha Michigan. Tarehe 25 Novemba 1995, Ohio State walifika Michigan bila kushindwa hata mechi moja msimu mzima, wakiwa na Eddie George, aliyepewa wiki chache baadaye zawadi ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Biakabutuka alikimbia yadi 313 siku hiyo, Michigan wakashinda 31 kwa 23. Mwaka 1996 Carolina Panthers walimchukua, wa nane kati ya vijana wote.

Alicheza mechi nne, goti likakatika. Akarudi. Mwaka 1999 alikuwa anasogea zaidi ya yadi 5 kila alipopewa mpira, kiwango cha kina Brown na Sanders. Kisha majeraha mengine, na mwaka 2001 mguu ulivunjika, hakucheza tena. Jumla yake kwenye NFL ni yadi 2,530. Emmitt Smith ana mara saba ya hizo. Lakini kwenye kitabu cha Michigan, chuo kilichoanza kucheza mpira huo karne ya 19, yadi 1,818 alizokimbia mtoto wa Kinshasa mwaka 1995 bado ndizo nyingi kuliko za msimu mwingine wowote.