Yusuf Islam na Zama za Roki: Tusitupe Kabla ya Kupima

Juma lililopita nilikuwa nimeketi barazani Kibokoni baada ya Alasiri, nikamsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake kwamba muziki wa roki wa zamani ulikuwa makelele matupu ya walevi, wala haukuwa na jambo hata moja la kumfaa Mwislamu. Sikumjibu. Nilinyamaza kwa sababu kijana yule alinikumbusha mtu ninayemjua sana, nao ni mimi mwenyewe mwaka 1986, nilipokuwa na umri wa miaka 16.

Ami yangu alikuwa baharia. Kila meli yake ilipotia nanga Kilindini alikuja nyumbani na mfuko wa kaseti. Asubuhi tulikuwa chuoni tukisoma Kurani, na usiku baada ya Isha tulifungua redio ya kaseti, sauti chini, mwalimu asije akatusikia. Kiingereza chenyewe nusu tulikifahamu na nusu kilitupita, lakini nyimbo tulizijua. Tuliyempenda zaidi alikuwa Cat Stevens, kwani yeye hakupiga kelele. Aliimba kama mtu anayezungumza nawe ukumbini, na gitaa lake likimfuata polepole.

Tuzipe zama zile haki yake. Roki ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1950, na sehemu kubwa ya mizizi yake ni muziki wa watu weusi wa huko. Uingereza ikaipokea, na kufikia Agosti 1969 vijana zaidi ya 400,000 walikusanyika shambani katika jimbo la New York kwenye tamasha la Woodstock. Wanaosema kwamba palikuwa na ulevi na uchafu mwingi hawasemi uongo. Jimi Hendrix na Janis Joplin walikufa mwaka 1970, Jim Morrison akawafuata mwaka 1971, na kila mmoja wao alikuwa na miaka 27 tu. Hayo ni mazingatio kwa mwenye akili.

Lakini zama hizo hizo, tarehe 1 Agosti 1971, George Harrison, aliyekuwa mmoja wa Beatles, pamoja na bingwa wa sitar Ravi Shankar, waliwakusanya wenzao mjini New York wakaimba kwa ajili ya watu wa Bangladesh. Wakati huo mamilioni ya wakimbizi, Wahindu na Waislamu, walikuwa wamekimbilia India kwa sababu ya vita. Fedha za kiingilio zilipelekwa kwa shirika la Umoja wa Mataifa la watoto. Waimbaji wale hawakuuliza mwenye njaa anasali wapi. Basi na hilo nalo tulihesabu.

Sasa turudi kwa mtu wetu. Cat Stevens alizaliwa London mwaka 1948, jina lake Steven Georgiou, baba Mgiriki wa Kupro na mama Mswidi. Alipata umaarufu angali kijana mdogo, kisha akashikwa na kifua kikuu akalazwa kwa miezi, na hapo ndipo alipoanza kujiuliza maswali ya mauti na uhai. Ukizisikiliza nyimbo alizotoa baada ya maradhi yale, utamsikia mtu anayetafuta njia. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa akiogelea Malibu, Marekani, nusura azame. Akamwomba Mungu amwokoe, akaahidi kumtumikia. Baadaye ndugu yake David alimletea tafsiri ya Kurani. Akaisoma, na Sura ya Yusuf ikamgusa mno. Mwishoni mwa mwaka 1977 akasilimu, na mwaka 1978 akajiita Yusuf Islam. Aliacha jukwaa, akauza magitaa yake na fedha akazitoa sadaka. Mwaka 1983 alianzisha shule ya watoto wa Kiislamu London, na mwaka 1998 serikali ya Uingereza ikakubali kuigharimia.

Habari zake zilitufikia Mombasa na kutusisimua. Mwimbaji mkubwa kama yule ameacha yote! Nami nikaona haya. Usiku mmoja nikalichukua sanduku zima la kaseti, nikaenda nalo mpaka ufukweni karibu na Ngome, nikalimwaga baharini. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikidhani nimeshinda jihadi ya nafsi.

Siku ya pili mamangu aliniuliza, "Mwanangu, ile kaseti isiyo na jina iko wapi?"

Ile ilikuwa ya nyanya. Ami alikuwa amemrekodi nyumbani, miezi michache kabla hajafariki mwaka 1984, akitongoa Utendi wa Mwana Kupona kama alivyoupokea kwa wakubwa wake huko Pate alikozaliwa. Mlikuwa na kikohozi chake, na mlikuwa na mahali aliposita akacheka kwa kusahau ubeti. Hapakuwa na nakala nyingine. Mamangu hakunigombeza, alitoka tu akaenda uani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Miaka ikapita. Mwaka 2006 nikasikia kwamba Yusuf ametoa tena sahani ya nyimbo na gitaa mkononi. Mwanawe alikuwa amelileta gitaa nyumbani, na siku moja baba akalishika. Wako waliomlaumu na wako waliomshangilia. Lakini lililonichoma mimi lilikuja mwaka 2020. Aliirekodi upya sahani yake ya mwaka 1970, na katika ule wimbo wa mazungumzo ya baba na mwana, sehemu ya baba aliiimba yeye akiwa mzee. Sehemu ya mwana ilichukuliwa katika kanda ya zamani iliyorekodiwa Los Angeles mwaka 1970, sauti yake mwenyewe akiwa na miaka 22. Mzee akazungumza na ujana wake, kwa sababu pana mtu aliyeihifadhi ile kanda.

Ndugu msomaji, mimi si mufti, na hukumu ya muziki nawaachia maulamaa, ambao wenyewe wamehitilafiana tangu kale. Mwenye kujiepusha nao kwa kumcha Mungu, namheshimu. Ninalosema ni hili: kuacha ni jambo moja, na kuangamiza ni jingine. Yusuf aliacha, lakini hakuchoma. Magitaa yake yaligeuka sadaka, na sauti yake ya ujana ilibaki ikamngoja. Mimi niliiga nusu ya kitendo chake, nusu iliyo nyepesi.

Na sisi watu wa Pwani tuna masanduku mengi chini ya vitanda: kaseti za harusi, za maulidi, za wazee wakitongoa tenzi, za Zein l'Abdin na udi wake, za Juma Bhalo. Joto na unyevu wa bahari vinazila kila mwaka. Kabla ya kuzitupa, kwa uchaji au kwa kufagia nyumba, zisikilizeni moja moja. Ziandikeni majina. Wapeni vijana wenye ujuzi wazinakili. Asiyetaka kusikiliza muziki, na aweke walau sauti ya nyanya yake.

Kijana wa Kibokoni, hili ndilo jibu ambalo sikukupa siku ile:

Ndugu usiwe na pupa, jambo litie mizani,
Kitu rahisi kutupa, kukirudisha ni lini?
Sauti aliyonipa, imelala baharini,
Leo ninatapatapa, naitafuta gizani.